Binti wa Fundi Alipokaa Chini

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la Kinyozi, kahawa iko kwenye birika, na kila anayekaa hapo huinuka na ushauri ambao hakuuomba. Jumatatu ile Fundi Cherehani alikuja na futi yake ya kupimia shingoni, akapokea kikombe, asikinywe. Binti yake wa miaka kumi na tano hukimbia mita mia nne, na tangu ashinde mwaka jana mtaa mzima unamwita Umeme. Jumamosi, kwenye fainali, bunduki ililia, wenzake wakachomoka, yeye akakaa chini palepale mstarini na kufunika uso.

Kinyozi alisema ni nywele, zinanasa upepo, na mtoto huwa analijua hilo moyoni. Takwimu, karani mstaafu mwenye hesabu ya kila kitu, akasema wanariadha saba kati ya kumi hukosa kuzoea kelele, hivyo tumfuate sote mazoezini na filimbi. Kinyozi akaona filimbi hazitoshi. Mtoto ahamishiwe uwanjani wiki nzima, na godoro lake, apaone kama kwao.

— Na haraka haraka haina baraka, akamalizia. Ndiyo shida yake huyu.

— Anakimbia mbio, ndugu yangu, Fundi alisema. Akienda polepole si ataitwa mtazamaji?

Tulicheka, naye akacheka kidogo. Kisha akatueleza lililokuwa likimkaa rohoni. Asubuhi ya mashindano binti alitapika mara mbili, na yeye, baba mtu, akamwambia ajikaze, mtaa mzima unamtegemea.

— Nilidhani namtia moyo, alisema. Kumbe namtwisha gunia.

Kinyozi akambadilishia kahawa iliyopoa.

Ndipo akafika mwalimu wa michezo wa binti yule, mwanamke kijana, kuchukua suruali aliyoacha ipunguzwe. Akatuamkia, akasogezewa nafasi. Fundi akamuuliza ni maneno gani amwambie mtoto kabla ya mbio zijazo. Mwalimu alisema hana maneno, ila ana swali.

— Baba, mara ya mwisho kuzungumza naye jambo lisilohusu mbio ilikuwa lini?

Fundi alianza kuikunja futi yake. Takwimu alianza kuhesabu kwa vidole, akakwama. Nasi tuliobaki, tunaojiita wajomba zake, tulitazama vikombe vyetu, maana binti akipita hapa hatumuulizi hata hali. Tunamuuliza sekunde.

Fundi alimpa mwalimu suruali yake, akaenda nyumbani mapema.

Baadaye alituambia kwamba siku ya kwanza alikosa la kusema kabisa, mpaka akaokoteza kumuuliza wamesoma nini darasani. Binti alimtazama kwa mashaka, akijua mbio zinakuja nyuma ya swali. Hazikuja. Basi akaanza kusimulia habari za vyura, na chakula kikapoa mezani.

Mwezi uliofuata alikimbia tena. Hakutapika. Alishika nafasi ya nne, akarudi anatembea kando ya baba yake, wamebishana njia nzima. Takwimu akatoa kalamu, akamdai Fundi muda aliotumia binti.

— Muda sijui, Fundi alisema, akiketi kwa raha. Ila nikuulize wewe mwenye hesabu: unajua chura hanywi maji kwa mdomo?