Deodata Nyandwi, Aliyechunguza Eksirei za Nyota Kongwe

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, na ninyi nyote mliotoka Ngara kwa msafara wa askari kwa kuwaogopa majambazi wa njiani, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni Idefonsi Nyandwi, mdogo wake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kusoma maisha yake, na kabla sijaanza nawaomba wale waliosimama kule migombani wasogee, maana tumesikia maneno kwamba mwili huu una mionzi, jambo ambalo si kweli, madaktari wamekanusha, na watoto wake wameubusu asubuhi hii.

Marehemu Deodata alizaliwa tarehe 14 Agosti 1959 huko Mabawe, wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Evaristi Nyandwi na Mama Eustakia, ambaye tunaye hapa mbele. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mabawe kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, na alikuwa darasa la sita wakati watu waliokimbia mauaji walipovuka kutoka Burundi wakiwa na majeraha, wakalazwa madarasani, naye akarudi nyumbani mbio, akamwambia mama, "Wanalia kwa maneno yetu," maana Kihangaza chetu kinasikilizana na lugha yao. Hofu hiyo haikumtoka tena, ingawa hakupenda kuitaja.

Aliendelea na sekondari Bukoba na Tabora, akamaliza mwaka 1979, akapitia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako alihitimu fizikia na hisabati mwaka 1984, akapangiwa kufundisha hapa Biharamulo. Hapa ndipo alipokutana na mwalimu mwenzake, Jovitus Celestini, mwenyeji wa Nyamahanga hii, wakafunga ndoa tarehe 25 Oktoba 1986, wakajaliwa watoto wawili, Emilian, aliyezaliwa mwaka 1987, na Scolastica, aliyezaliwa mwaka 1989.

Septemba 1991 alikwenda Ujerumani kusomea udaktari wa falsafa, na kwa kuwa wengi mmeuliza alisomea nini hasa, nitaeleza kama alivyotueleza sisi. Nyota kubwa ikifa huacha kiini kidogo, kizito mno, kinachozunguka kwa kasi na kutupa miale kama kurunzi inayozungushwa, nacho huitwa pulsa. Pulsa changa huwa na joto kali, hutoa eksirei nyingi, lakini zile kongwe, zenye mamilioni ya miaka, zilidhaniwa zimekwisha kupoa, na bado baadhi yake zinatoa eksirei kidogo sana, na swali lake lilikuwa eksirei hizo zinatoka wapi, kama ni kwenye sehemu ndogo zenye moto kwenye ncha za pulsa au ni kwenye chembe zinazorushwa angani kandokando yake. Eksirei hizo haziwezi kufika ardhini, hewa yetu inazizuia, hupokelewa na chombo kilichorushwa juu ya hewa, naye alikaa ofisini akipima kilicholetwa na chombo hicho. Nyota hazikumgusa, ndugu zangu, wala hazikumuua.

Aprili 1994 alikuwa likizo kwa mama Mabawe, na tarehe 28 mwezi huo watu waliokimbia mauaji ya nchi jirani walipomiminika kuvuka daraja la mpakani la Rusumo, milima ya Kasulo ikafunikwa na turubai, shirika moja la matibabu likatafuta mtu anayejua eksirei na anayesikia lugha ya wakimbizi. Jovitus alimwandikia arudi Ujerumani haraka, yeye akajibu kwamba anaogopa kubaki, ila anaogopa zaidi kuondoka, akaanza kazi katika hema la eksirei kambini.

Ndani ya kambi ile, wauaji walikaa pamoja na waliowakimbia, na uvumi ukaenea kwamba mashine ya yule mama wa Kihangaza inaona kabila la mtu ndani ya mifupa. Wagonjwa walianza kukataa kupigwa picha, wengine wakakimbia na mikono iliyovunjika. Kisha mchana mmoja wa mwezi Juni waliingia wanaume wanne wenye mapanga, wakati mama mmoja aliyevunjika kiganja akiwa bado kitandani, na mkubwa wao akamnyooshea kidole mama huyo, akasema, "Tunamshuku. Tuonyeshe picha yake, utuambie ni wa upande gani."

Dada yangu alituambia kwamba alishika meza, akamwambia yule mtu, "Lete mkono wako kwanza." Akampiga picha, akaisafisha, akaziweka mbili kwenye mwanga, ya yule mtu na ya yule mama, akasema, "Mimi nimesoma eksirei miaka. Naona mfupa mzima na mfupa uliovunjika. Kabila silioni. Wewe nionyeshe liko wapi."

Yule mtu alitazama mifupa ya mkono wake mwenyewe, akasema, "Tutarudi na wanaomfahamu," wakatoka. Dada hakungoja, akamlaza mama yule chini ya mablanketi machafu kwenye gari la hospitali, akakaa naye mwenyewe, na kila kizuizi walichofika alisema ni kipindupindu, hakuna aliyefunua, hadi wakafika hapa Nyamahanga, mikononi mwa mume wake.

Wanaume wale walirudi, wakalikuta hema tupu, wakalichoma, na tangu siku hiyo dada alitumiwa vitisho hadi Mabawe, ikabidi arudi Ujerumani Agosti mwaka huo. Alitetea tasnifu yake Julai 1996, akaonyesha kwamba eksirei za pulsa aliyoichunguza zinakuja kwa mapigo yanayofuata mzunguko wake, yaani zinatoka kwenye pulsa yenyewe, si angani kandokando yake, akarudi kufundisha Biharamulo, lakini hakulala tena bila kuzungushia mlango minyororo, na gari likisimama barabarani aliacha kula.

Mwaka 1997 alianza kuugua shinikizo la damu, likaharibu figo, akalazwa mara kwa mara, akafariki dunia alfajiri ya tarehe 9 Machi 1999, akiwa na mume wake pembeni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake na wanafunzi, majirani wa Nyamahanga, Wakristo na Waislamu, na wageni wetu wa Mabawe.

Familia ilibishana kama nisome habari ya kambini, kwa sababu wale watu hawajulikani walipo, na shemeji Jovitus akaamua, "Isome, ila jina la mama yule usilitaje." Sikulitaja. Yumo kati yetu sasa hivi, na kiganja chake kilipona. Nawaomba mtu yeyote asigeuke kumtafuta, wala asiulize leo au kesho, na wakati wa kutupa udongo mwacheni apite kama wengine wote.

Dada Deodata, uliogopa, na hukumtoa. Mungu akupumzishe kwa amani.