Chupa za Dirishani

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara mlioketi safu ya mbele, mwenyekiti wa wakulima wa kartamu na wajumbe wako, mzee wetu mume wa mstaafu pamoja na watoto, na ninyi wafanyakazi wenzangu mliosimama karibu na mlango kana kwamba mna haraka: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mniwie radhi, mimi si msemaji. Kazi yangu ni kuandika lebo na kutunza majalada. Hotuba hii walipangiwa watu watatu walio juu yangu, na wote watatu wamepatwa na mafua asubuhi hii hii. Basi mmeletewa karani.

Tunamuaga mama ambaye maabara nzima humwita Mama Kivuli. Wageni hudhani ni kwa sababu ya upole wake. Hapana. Ni kwa sababu kwa miaka thelathini na moja ametuambia jambo moja, nasi kwa miaka thelathini na moja tumeitikia kwa kichwa na kufanya jingine: petali za kartamu, ua hili la rangi na dawa, zikaushwe kivulini, zitunzwe gizani. Siku yangu ya kwanza alidondosha petali kavu chache kwenye maji baridi, na rangi ya njano ikashuka polepole hadi chini ya glasi.

"Unaiona hiyo, mwanangu? Hizo ni flavonoidi. Watu wa rangi na watu wa dawa wanazifuata hizo tu. Joto linaziharibu, mwanga unaziharibu. Ua utabaki nalo, lakini kazi yake imekwenda."

Nikauliza kuhusu ile nyekundu iliyobaki ndani ya petali. "Hiyo haikubali maji hivi hivi. Ina kiburi kama mume wangu." Mzee, samahani, ni maneno yake.

Je, yupo aliyeajiriwa hapa asiyefundishwa somo hilo? Yupo ambaye hajaliona tangazo lake juu ya kabati, aliloliandika upya kila lilipobanduliwa kupisha kalenda? Kama hayupo, nani atanieleza kwa nini chupa za sampuli za petali za wakulima zilikaa dirishani?

Nitaeleza mwenyewe. Miezi miwili iliyopita tulitarajia wakaguzi. Tukaagizwa chupa zitolewe kabatini zipangwe dirishani, ili wageni wakiingia waone rangi. Aliyezipanga ni mimi. Nilizifuta vumbi, nikageuza lebo zote zitazame mlangoni. Mama Kivuli akanikuta.

"Unazianika kama nguo?"

"Ni agizo, Mama."

"La nani?"

Nikageuza lebo iliyofuata. Yeye akaandika barua kwa uongozi, akajibiwa kwamba panapendeza. Akaandika ya pili, akajibiwa kwamba wakaguzi wameahirisha, chupa ziwasubiri. Zikasubiri wiki saba, jua la asubuhi likizipiga, nami nikipita mbele ya chupa hizo kila siku na funguo za kabati mfukoni. Niliogopa kupoteza kazi. Sina maelezo mengine.

Kisha sampuli hizo hizo zikapimwa! Flavonoidi hazikufika nusu ya kiwango. Mama alikataa kutia sahihi, akataka zipimwe petali za kwenye gunia lenyewe. Na katika kikao ambacho kumbukumbu zake niliziandika mimi, ikasemwa kwamba mama amezeeka, macho yamechoka, aachwe apumzike. Macho? Namba ile ilisomwa na mashine. Lakini niliiandika sentensi hiyo neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri.

Ndugu mwenyekiti wa wakulima, leo umemletea mama zawadi na umempigia makofi. Hujui kwamba ipo barua inayosema maua yenu ya msimu huu hayafai na tunayakataa yote. Nilikabidhiwa jana niitume.

Sikuituma. Niliingia stoo, nikachota petali kwenye gunia lenu, nikampelekea Mama Kivuli, aliyekuwa akifungasha vikombe vyake. Nilitarajia kugombezwa, na ningestahili. Alisema tu, "Niletee koti langu." Akapima mara mbili. Kiwango kimetimia na kuzidi. Sahihi yake kwenye karatasi ile ndiyo ya mwisho aliyoitia katika jengo hili.

Ndiyo maana ziko glasi mbili mezani mbele ya Mheshimiwa. Mkuu mmoja wa idara nusura anywe. Zote ni maji baridi na petali za gunia moja. Za kushoto zilikaa dirishani, za kulia zilikaa gizani. Hata aliye mlangoni anaona tofauti.

Mama, ningeweza kukusifu hadi jioni, lakini nadhani umechoka kusifiwa na watu wasiokusikiliza. Zawadi yangu ni ndogo: asubuhi hii chupa zote nimezirudisha kabatini, nikafunga kwa ufunguo, na kalenda nimeibandua. Tangazo lako liko mahali pake.

Mheshimiwa Mkurugenzi, barua ya kuwakataa wakulima hii hapa, ina sahihi yako tayari. Karatasi ya kipimo kipya hii hapa, ina ya Mama, bado haina yako. Naziweka zote mbili kati ya glasi. Mwenyekiti amekaa hatua tatu kutoka ulipo, na kalamu ninayo.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia mpaka neno la mwisho. Sitashuka jukwaani kwanza. Nangoja karatasi moja ya kuweka kwenye jalada.