Mikono Iliyobaki Nje ya Picha

Mgeni rasmi, mwongozaji wa filamu iliyopigwa shuleni kwetu. Mwalimu mkuu, walimu na wazazi:

Karibu tena. Sauti unayoisikia ni ya mwalimu wetu wa lugha ya alama. Maneno ni yetu sisi wanafunzi, na anayeyasema kwa mikono ni dada mkuu aliyesimama kando yake, tuliyemtuma. Tafadhali mtazame yeye.

TULIKOTOKA

Ulikuja ukitafuta shule yenye korido ndefu, ukatukuta sisi. Hadithi yako ilimhusu msichana kiziwi anayewaandama usiku, kiberiti mkononi, walimu waliomfungia stoo. Dada mkuu aliomba nafasi hiyo. Ulimjibu kwa upole kwamba kamera haina muda wa kusubiri mkalimani. Akaletwa mwigizaji anayesikia, na dada mkuu akapewa kazi ya kumfundisha alama. Alimfundisha likizo nzima kwa moyo mweupe, wakashibana.

TULIYOPATA

Filamu imependwa. Shule imepakwa rangi, upande ule unaoonekana. Nasi tumo: tunapita koridoni, migongo tu. Kucheka tumecheka pia. Kuna mahali kwenye filamu yule msichana kiziwi yuko peke yake, mara anageuka. Mwalimu akatueleza kuwa mlango ulikuwa umegongwa. Mbavu ziliuma.

YANAYOTUCHOSHA

Mgeni rasmi, tumechoka. Mwenye duka pale getini hatuuzii tena kiberiti. Anasema filamu ameiona. Mdogo wetu mmoja aliulizwa na shangazi yake kama usiku huwa anapandwa na hasira. Hasira tunazo kama watu wengine, ila usiku huwa tunalala.

Linalotuuma zaidi ni lile la mwisho wa filamu. Msichana anamkuta mwalimu wake mkuu, anaweka kiberiti chini, anaanza kusema kwa mikono. Maneno yale aliyatunga dada mkuu, nawe uliyakubali: "Sikuja kukuchoma. Nimekuja unitazame ninaposema." Tuliyasubiri ukumbini tumeshikana mabega. Kamera ikamsogelea usoni, machozi yakajaa, mikono ikabaki nje ya picha. Maandishi ya tafsiri chini ya picha hayakuwepo. Wanaosikia walishtuka, sisi tukaangaliana.

Tulimwuliza mwalimu wetu wa alama sauti iliyowekwa hapo kwenye filamu ilisema nini. Aliinamisha kichwa, kisha akatuambia kwamba ilisema, "Nitarudi na moto." Dada mkuu alitoka nje, na chakula cha jioni hakukigusa.

OMBI

Tumesikia umekuja kuiomba shule kwa sehemu ya pili. Mwalimu mkuu ametuuliza tunaonaje, nasi tumesema korido ni yako ukitaka. Tunaomba mikono iwe ndani ya picha, na maandishi yawekwe chini. Tunaomba dada mkuu apimwe uigizaji kwa nafasi ile ya msichana kama wengine. Akishindwa, ashindwe mbele ya kamera. Asipopimwa, tafuta migongo mingine.

Hatukuchukii. Ungekuwa mtu wa kuchukiwa tusingekuandikia.

Mungu akufikishe salama nyumbani, na akulindie macho yako, maana ndiyo tunayoyategemea.

Ni sisi, wanafunzi viziwi wa shule hii.

Kabla hujapiga makofi, mgeni rasmi, dada mkuu atayasema kwa mikono maneno yake ya mwisho wa filamu. Mwalimu hatayatafsiri. Unayajua tayari.