Radostina Velcheva, Aliyeifundisha Mashine Ndiyo Yetu

Wafiwa, majirani na marafiki, familia imenichagua mimi Stoyko, binamu yake, niwasomee haya kabla ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu haijagawiwa, na haikukosea, kwa sababu kila nitakachosema nilikishuhudia mwenyewe, kuzaliwa kwake kukiwemo, ingawa siku hiyo nilikuwa na miaka miwili tu.

Marehemu Radostina Velcheva alizaliwa tarehe 9 Machi 1971 hapa Karlovo, mtoto pekee wa mzee Petko na mama Bozhana, akasoma hapahapa mpaka sekondari, akaanza kazi posta mwaka 1990, na tarehe 12 Septemba 1993 akafunga ndoa na Iliya, fundi wa mabasi, wakajaliwa binti, Kalina, mwaka 1995.

Mwaka 2003 mama Bozhana alipatwa na kiharusi, sauti ikakatika, mikono ikalala, kikabaki kichwa, na Radostina, mtu mzima na mtoto wake, akaacha posta akaenda chuo kikuu Plovdiv kusomea jinsi watu na kompyuta wanavyoelewana, mtaa mzima ukamcheka, Iliya peke yake akasema, "Nenda mke wangu, mimi na Kalina tutakula maharage mpaka urudi na digrii," na kweli waliyala.

Kazi yake ya kumalizia masomo ilikuwa kamera ya kusoma kichwa cha mgonjwa, ili mama apate tena kusema lake, na mwalimu wake, Profesa Hadzhiev, akampa programu iliyotoka ng'ambo, basi Juni 2007 mama akaketishwa mbele ya watahini, akaulizwa kama anaumwa, akainua kichwa juu kama sisi sote tunavyosema hapana, mashine ikaandika NDIYO, akaulizwa kama yu salama, akakipeleka kichwa kushoto na kulia, ndiyo yetu ya hapa, mashine ikaandika HAPANA, mtahini mmoja akakimbilia simu kuita gari la wagonjwa.

Profesa akasema, "Binti, mzoeze mama afanye kama wa ng'ambo, uchukue digrii yako leo."

Radostina akamjibu, "Profesa, mama yangu anasema hivi tangu utotoni, hiyo mashine imekuja juzi, sasa nani amzoee mwenzake?"

Tuliokaa nyuma tukapiga makofi, yangu yakisikika kuliko yote, lakini digrii siku hiyo hakupewa.

Aliiandika programu upya jikoni kwake, kichwa cha majaribio kikiwa hiki changu, hadi shingo ikakaza, na Juni 2008 akarudi mbele ya watahini walewale, akauliza swali lake mwenyewe, "Mama, nilifanya vyema kuacha posta?" mama akakipeleka kichwa kushoto na kulia, mashine ikaandika NDIYO, mama akabubujikwa machozi, na profesa ndiye aliyetangulia kusimama.

Tangu hapo alifundisha chuoni humo, akaugua saratani mwaka 2022, akafariki nyumbani tarehe 3 Novemba 2023, Iliya akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani, hata mliomcheka, na walimu wenzake waliojaza basi zima kutoka Plovdiv.

Umetuheshimisha, Radostina, sasa pumzika, dada yetu, kwa amani yote.

Ila kwa kuwa nimesimama mbele ya jeneza, niseme kweli, yale machozi ya mama nimeyaongeza mimi, yaendane na msiba, kwani siku ile mama alicheka, akacheka hadi kichwa kikaenda kila upande, na mashine ikakosa la kuandika.