Sebule ya Sista Polepole

Ndugu, jamaa na majirani, wenye viti wakae, na waliokosa viti watuvumilie kidogo, maana huyu tunayemsindikiza leo hakupenda maneno mengi.

Marehemu, ambaye karibu wote mlimwita Sista Polepole kwa mwendo wake usiojua haraka, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani na mama aliyefua nguo za watu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965, akaendelea na sekondari, akaingia chuo cha uuguzi mwaka 1970, akahitimu Novemba 1973, na Januari iliyofuata akaanza kazi katika wodi ya wanaume ya hospitali kuu, alikodumu miaka ishirini na miwili. Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na seremala, mtu mpole wa maneno ya kuhesabika, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume.

Juni 1988, mwalimu mmoja mstaafu alitolewa wodini, si kwamba amepona, bali kitanda kilihitajika, na nyumbani hakuwa na mtu ila dada yake mzee asiyeona vizuri. Sista akawa anapitia kwake kila akitoka zamu, anamgeuza, anamwosha vidonda, anamlisha uji, hadi siku ya tisa alipomkuta ameanguka sakafuni tangu asubuhi, ndipo alipomwambia mumewe, "Baba watoto, naomba sebule." Seremala akauliza, "Na sisi tutakaa wapi?" Akajibiwa, "Jikoni." Kesho yake makochi yakatolewa, kitanda kikaingia, na mwalimu akaishi humo siku arobaini na moja, akafa akiwa msafi, tena akiwa na watu.

Baada yake walikuja wengine, wawili wawili, na mwaka 1991 majirani wakaleta barua yenye sahihi thelathini, kwamba hawataki nyumba ya kufia watu karibu na watoto wao. Aliisoma yote amesimama mlangoni, akasema, "Nimewasikia, lakini kuna mtu ndani anataka kugeuzwa, nipeni nafasi." Fundi viatu aliyeongoza barua ile alirudi baada ya miaka miwili akiwa amembeba mama yake mgongoni, na Sista alimwonyesha kitanda tu. Tangu hapo mtaa ukabadilika, mwoka mikate akawa analeta mikate, akina mama wakagawana kufua mashuka, na mwaka 1998 mjane wa mwenye duka akatoa nyumba yake ya vyumba vitano, ambayo leo ina vitanda kumi na vinne.

Familia haitaficha kwamba alichoka, na sisi watoto wake tulichoka naye. Tulikua tukila jikoni, tukiambiwa tusipige kelele, tukipata kile kilichobaki cha mama baada ya wagonjwa. Aprili 2006 seremala alianguka ghafla kwenye karakana yake, wakaenda kumwita Sista, naye alikuwa na mgonjwa anayekata roho mikononi, akasema anakuja, akafika mumewe ameshafariki. Binti mkubwa alimwambia mbele ya waombolezaji, "Wageni wote uliwashika mkono, mama, baba peke yake ndiye hukumshika." Baada ya mazishi alimkabidhi fundi viatu funguo za nyumba ya wagonjwa, akajilaza, hakutoka chumbani wiki tatu.

Aliporudi hakukuta mlango umefungwa kama alivyodhani, alikuta wagonjwa wameogeshwa, mashuka yamekauka kwenye kamba, na ratiba ya zamu imebandikwa ukutani kwa mwandiko mbaya wa fundi viatu, na Alhamisi zote zimeandikwa jina la binti yake mkubwa. Alikaa kwenye ngazi akalia, na hadi leo hatujui kama ilikuwa furaha au uchovu tu.

Februari 2021 aligundulika ana saratani ya ini. Maumivu yalipozidi mwezi Septemba vitanda vyote vilikuwa vimejaa, akakataa katakata mtu yeyote ahamishwe kwa ajili yake, akasubiri zamu yake nyumbani siku kumi na moja. Alipoingizwa, alimwambia binti yake, "Kumbe kugeuzwa kunauma hivi, na hakuna aliyenilalamikia." Alifariki Jumanne, tarehe 19 Oktoba 2021, saa nne asubuhi, binti huyo na fundi viatu wakiwa wanambadilishia shuka.

Tunawashukuru madaktari waliomwambia ukweli mapema, wauguzi wenzake wa wodi ya wanaume, mwoka mikate, akina mama wa mashuka, na majirani wote, wakiwemo wale thelathini. Mtuwie radhi tukiwahi kuondoka makaburini, kwa kuwa kitanda chake kilitandikwa mchana uleule wa kifo chake, tangu jana kina mgonjwa, na zamu ya jioni ni yetu.

Lala sasa, mama, upumzike kwa amani, hakuna anayekuita.