Mzee Chujio na Kromosomu Iliyochelewa Kunyamaza

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi, fundi wetu wa maabara ya uzazi wa farasi, ambaye hata wakuu wameshindwa kumwita vingine zaidi ya Mzee Chujio, anastaafu tarehe 30 Juni. Nimepewa kazi ya kumwandikia maneno haya kwa sababu meza zetu zimetazamana kwa miaka ishirini na sita, na kwa sababu wengine wote walioombwa walijikuta ghafla wana shughuli.

Aliajiriwa kuosha vyombo. Wiki ya pili alipelekwa bandani kusaidia kuosha mji wa mimba wa farasi jike kwa maji ya uvuguvugu, ili kiinitete cha wiki moja kitoke na maji na kunaswa kwenye chujio. Maji yalipokwisha alilitazama chujio, hakuona kitu, akalisugua bombani mpaka likang'aa. Kiinitete cha umri huo ni kidogo kama chembe ya mchanga, na kilikuwa mle ndani. Jina lilianzia hapo. Tangu siku hiyo hakuna chujio lililooshwa humu kabla yeye hajalipitia mara tatu kwa hadubini, na mara nyingi ni hiyo ya tatu iliyotutoa kimasomaso.

Mliokuja juzi hamkuikuta maabara ya zamani: chumba kimoja, dirisha lisilofunga, na kabati la joto lililonguruma kama lina deni na mtu. Nakikumbuka chumba kile kuliko nyumba niliyozaliwa. Majike sita wa bandani Mzee aliwajua kwa tabia zao. Mmoja mwekundu hakukubali kuguswa mpaka asimuliwe habari za nyumbani, kwa hiyo sote tuliyajua mambo ya mashemeji wa Mzee tukiwa tumeshika mpira wa maji.

Kazi kubwa ya miaka ile ilikuwa kujua ni lini kiinitete cha kike kinanyamazisha kromosomu X moja. Jike hupata X mbili, ya mama na ya baba. Dume anayo moja tu. Wageni wakituuliza, tulimsukumia Mzee. Aliwaeleza kwamba ni sawa na nyumba yenye redio mbili zinazopiga kipindi kimoja: lazima moja izimwe ili watu wasikilizane. Swali letu lilikuwa inazimwa siku ya ngapi ya mimba.

Baada ya misimu mitatu tukapata jibu: siku ya nane tayari imezimwa. Mkuu wa maabara alitembea kifua mbele wiki nzima. Ripoti iliandikwa, jina langu likiwa la pili. Siku mbili kabla haijatumwa, Mzee aliomba nafasi kwenye kikao. Alikuwa amepitia daftari lake na kugundua kwamba alipoitoa trei ya vichupa vya viinitete kwenye tangi la naitrojeni la kugandishia aliishika kinyume. Vichupa vya siku ya nane vilikuwa bado tangini. Tulivyopima vilikuwa vya siku ya kumi na nne.

Ingepita karibu mwaka kabla ya mtu mwingine kugundua. Wiki ileile jina lake lilikuwa mbele ya kamati ili apandishwe kuwa msimamizi wa maabara, na binti yake alikuwa ndiyo kwanza ameingia chuo. Alieleza yote bila kupunguza, akamalizia kwa kusema mficha uchi hazai. Kwa kazi yetu ya mimba, siku nyingine tungevunjika mbavu. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Ripoti ilifutwa, upimaji ukarudiwa msimu mzima. Nilimnunia, nisifiche. Nilikula chakula cha mchana nikiwa nimempa mgongo, naye kila asubuhi alinisalimia vilevile na kunipashia moto maji yangu ya kuoshea majike. Majibu yalipokuja, siku ya nane X zote mbili zilikuwa bado zinasikika. Moja ilinyamaza taratibu siku zilizofuata. Mzee alikwenda moja kwa moja bandani. Yule jike mwekundu aliambiwa kabla ya mkuu wa maabara.

Cheo hakukipata. Kamati iliona kwamba mtu aliyegeuza trei hawezi kukabidhiwa maabara. Anastaafu na cheo kilekile alichokuwa nacho miaka kumi na tisa iliyopita, na karibu wote aliowafundisha kushika chujio wamempita, mimi nikiwa wa kwanza.

Kamati ile ilikuwa ya watu watano, na mwakilishi wa wafanyakazi nilikuwa mimi. Kura zilikuwa mbili kwa mbili zamu yangu ilipofika. Nikainua mkono dhidi yake, kwa hasira ya ripoti iliyofutwa. Sijawahi kumwambia. Lakini siwezi kumsifu kwa alichofanya huku nikificha nilichofanya.

Kaka, asante kwa kila chujio, kwa kila asubuhi, na kwa ripoti moja ambayo hadi leo haijaniaibisha. Nyumbani kwako kuwe na amani, na mwili upumzike. Mimi ndiye niliyekunyima cheo kile. Nisamehe.