Nani Alimwona Mama Pindo Akimeza?

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kiwanda chetu, Bwana Msimamizi wa zamu, ndugu wageni waalikwa, mafundi wenzangu wa cherehani, na wewe dada yangu Mama Pindo, ambaye itifaki imekuweka mwisho ingawa sherehe ni yako: nawasalimu nyote. Wengine nawasalimu kwa mapenzi, wengine kwa adabu tu.

Nimeambiwa niseme mazuri ya mwenzetu anayestaafu, tucheke kidogo, tupige picha, tukanywe soda. Basi mazuri nitayasema. Tulimwita Mama Pindo kwa sababu pindo lake la suruali limenyooka kuliko rula, na mdomo wake nao haukuwahi kupinda: ukiharibu kazi atakusema mbele ya watu, kisha ataketi nawe akusaidie kufumua. Nimekaa mashine ya pili yake tangu sote wawili tukiwa wembamba. Chekeni tu, nami niliwahi kuwa mwembamba.

Lakini tusidanganyane, jamani. Mama Pindo hastaafu. Figo zake zimekufa, na mkono ule wenye bandeji ndipo damu yake inapotolewa, ikasafishwe kwenye mashine, arudishiwe, wiki nenda wiki rudi. Huko ndiko kustaafu? Mkono uleule mwaka juzi ulikuwa ukitunga uzi bila miwani!

Nyote mnajua ilivyoanza. Tunakula mbio mbio, tumbo bado limejaa tunainama kwenye cherehani, na kiungulia kinapanda mpaka kooni. Ukiomba ruhusa utoke, Bwana Msimamizi anatazama saa. Ndipo likaletwa lile kopo kubwa jeupe la vidonge, likawekwa kwenye droo ya Mama Pindo kwa kuwa yeye ni mwaminifu, na wakala wa kampuni ya dawa akabandika tangazo ukutani: "Meza kimoja, endelea na kazi." Tukameza, tukaendelea. Yeye alimeza kila siku kwa miaka, maana kiungulia chake kilitushinda wote. Nani alituambia kwamba dawa ile ukiizoea inakula figo? Kampuni ilijua. Kwenye maboksi ya madukani waliweka karatasi ya onyo. Kwenye makopo ya viwandani hawakuweka hata mstari mmoja. Kwani fundi ana figo za akiba?

Mama Pindo akaenda mahakamani kudai fidia. Wakili wa kampuni, kijana mzuri, suti imemkaa, akasimama akauliza, "Risiti iko wapi? Nani alimwona akimeza?" Haki ya Mungu, nilitaka kuliruka lile benchi. Tulipotoka nje dada yangu akanishika bega, akaniuliza, "Shoga, kwani nilikuwa namezea gizani?" Nani alimwona? Ukumbi mzima huu ulimwona! Lakini kopo limetoweka, tangazo limebanduliwa, ukuta umepakwa rangi mpya, na sisi tumenong'onezwa kwamba atakayetoa ushahidi ajue mkataba wake hautaongezwa. Tukaufyata. Leo tumekuja kumpa saa ya ukutani.

Nimejaa hadi hapa, ndugu zangu. Wakili wetu anasema wiki ijayo, bila mashahidi, kesi itatupwa. Ikitupwa, dada yangu hana pa kupata matibabu, na bila matibabu hamalizi mwezi. Mimi nitakwenda, mkataba mtaniambia wenyewe. Lakini nikienda peke yangu watasema huyu ni rafiki yake, amefundishwa la kusema, na wataondoka wakicheka.

Kwa hiyo makofi siyataki. Naomba kila aliyewahi kupewa kidonge na Mama Pindo asimame.

Msitazamane. Simameni.

Fundi wa vifungo, asante. Wewe wa mifuko, najua una watoto shuleni, asante mara mbili. Mpiga pasi. Dereva, hata wewe! Mstari wote wa kola, haya, inukeni, msinitie aibu. Bwana Msimamizi... loo! Mungu akuzidishie, sikukutegemea hata kidogo. Mama Pindo, futa machozi utazame, ni watu wako hawa.

Mheshimiwa Mkurugenzi, siku ile ulipoleta wale wanunuzi wakubwa kukagua mzigo, ulijishika kifua, ukamwita dada yangu pembeni ya stoo. Alikupa vidonge viwili, na maji ukanywa kwa kikombe chake mwenyewe. Nilikuwepo, nimeshika mkasi. Sasa tazama nyuma yako. Katika watu wote wa kiwanda hiki, waliobaki wameketi ni wawili: Mama Pindo, ambaye miguu yake imevimba hawezi kusimama, na wewe.

Tunakusubiri, Mheshimiwa. Nyinyi wengine, asanteni kwa kusimama.